Upande wa Karibu

Mwanangu Mumbua,

Barua zote nilizowahi kuandika maishani zilianza kwa maneno yale yale: mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Niliyaandika kwa shangazi yangu, niliyaandika kwa marehemu baba yako alipokuwa safarini, na mara moja kwa mazoea niliyaandika kwa ofisi ya elimu, karani akanisomea kwa sauti watu wakacheka. Sikuwa na hofu yoyote nilipoyaandika. Yalikuwa kama kubisha hodi. Leo nimeyaandika tena, kisha nikaweka kalamu chini, kwa sababu kwa mara ya kwanza nimeandika kitu cha kweli. Hofu ni kwako, mwanangu.

Ni saa tisa alasiri. Umeenda mtoni na punda kuleta maji, eti ni ya mwisho kabla hujaondoka, na mimi nimekaa mezani mbele ya dirisha ili nikuone ukirudi. Kesho alfajiri utapanda gari la Mwingi, na kutoka huko hadi Nanyuki kwenye shamba la farasi. Sitakuandikia mambo ya sweta wala sabuni wala usiku kufunga mlango kwa komeo. Hayo nimeyasema mpaka ukaniambia nilete karatasi uweke sahihi kwamba umesikia.

Nina jambo moja tu la kukuambia. Nilikufundisha kitu kibaya kuhusu farasi, nimejua hivyo kwa wiki tatu, na sijakuambia. Kwa farasi wa karatasi hakikuwa na madhara. Kwa farasi mwenye damu kinaweza kukuvunja mbavu. Nitakifikia. Nivumilie nianze mbali kidogo, kwa maana bado natafuta ujasiri.

Unakumbuka jinsi klabu ilivyoanza. Chama cha vijana wakulima kilitangaza mashindano ya maarifa ya mifugo, kila klabu ichague mnyama mmoja. Klabu zote za Kitui na Makueni zilikimbilia mbuzi na kuku, kwa sababu ndio wanaolala nasi nyumbani. Mimi nikapiga hesabu zangu. Kwa mbuzi tungeshindana na klabu thelathini. Kwa farasi, nani angejitokeza? Na sheria zilisema wazi kwamba hakuna mnyama atakayeletwa. Ni maswali, picha, mifupa, vyakula kwenye chupa, vifaa juu ya meza, na kengele ya kugonga kabla ya kujibu. Kama farasi hatakuwepo, nikasema, basi sisi wa Nuu tuko sawa na mtu yeyote.

Nilipowaambia mlicheka mpaka mkalala kwenye nyasi. Wewe ndiye uliyesema, "Mama, mbalasi tutaanzia wapi? Kichwani au mkiani?" Hata jina lenyewe la Kikamba tumelikopa, na watoto wengine walidhani ni aina ya pikipiki.

Tulianzia kwenye kitabu. Kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, kilichobaki kwenye kabati la shule tangu wakati wa mkoloni, jalada limeliwa na mchwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na katika klabu yetu hakuna aliyekuwa na Kiingereza kuliko mimi, kwa hiyo nikawa natafsiri. Nilikaa na kamusi jioni baada ya jioni nikiandika daftari lile la jalada la kijani. Nilijiona kama mtu anayechimba kisima. Mkayapenda maneno yangu, mkayaimba mkichambua kunde. Farasi ana chura katika kwato. Farasi ana urefu wa mikono kumi na mitano. Mliuliza kama chura huyo ni hai, na nikasema kitabu hakikusema kwamba amekufa. Ulinitazama kwa jicho moja, kama unavyofanya mpaka leo, lakini ukaandika.

Na farasi wetu mwenyewe ulimchora wewe, juu ya kadibodi la sanduku la majani ya chai. Alitazama kushoto. Picha zote za kitabuni zilitazama kushoto, nasi tukamtundika ukutani kwa misumari miwili, tukamshika kila siku kwa vidole mpaka akapauka shingoni. Hakuna mtu aliyewahi kuona upande wake wa pili. Upande wake wa pili ulikuwa na maandishi ya kampuni ya chai.

Sasa nafika. Kitabu kilisema kwamba farasi hukaribiwa, hufungwa lijamu na hupandwa kutoka "near side". Nikafungua kamusi. Near, karibu. Side, upande. Nikaandika kwa wino mweusi: farasi hukaribiwa kutoka upande wa karibu. Na ule mwingine, "off side", nikaona ni kama mpirani, nikaandika upande wa kuotea. Wavulana wa klabu walifurahi sana siku hiyo. Walisema angalau kuna kitu kimoja farasi anajua.

Wewe hukucheka. Ulikuwa umekaa karibu na mlango na ungo wa kunde mapajani. Ukauliza, "Mama, karibu na nani?"

Nakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa mlezi wa klabu mbele ya watoto wa watu, na mtoto wangu mwenyewe ameuliza swali nisilokuwa na jibu lake. Nikasema, "Mumbua, wewe jibu kama kitabu kilivyosema. Kitabu ndicho kinachouliza, si wewe." Wenzako wakaguna. Uliinamisha kichwa ukaendelea na kunde, na hukuuliza tena, si siku hiyo wala siku nyingine. Ulikuwa na miaka kumi na saba.

Basi tukaenda Makindu. Nadhani hutasahau. Ukumbi ulikuwa karibu na reli, na kila gari moshi lilipopita waamuzi walisimamisha maswali. Klabu za farasi tulikuwa tatu tu. Yule msichana wa mjini mwenye viatu vyeupe akakuuliza mbele ya watu wote, "Sasa nyinyi wa Nuu mmeona farasi wapi? Farasi mwenyewe hajui Nuu iko wapi."

Ukamjibu, "Na wa kwenu analala chumba gani, cha wageni?"

Hata waamuzi walicheka. Nilijivuna mpaka nikaogopa kuonekana.

Na ulivyogonga ile kengele, mwaitu. Nakuita mwaitu, yaani mama, kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na siku ile ulikuwa yeye mtupu, yule mwanamke asiyengoja mtu amalize kusema. Mwamuzi hakufika mwisho wa swali, kengele imelia. Meno ya farasi dume mzima ni mangapi. Mimba huchukua miezi mingapi. Ugonjwa gani huletwa na usubi na huua farasi katika nchi ya joto kama yetu. Kila nilipoisikia kengele yako nilikanyaga sakafu kwa furaha.

Kisha likaja lile. "Farasi hukaribiwa kutoka..." Kengele. "Near side," ukasema. Mwamuzi akakuletea picha, akakuambia uonyeshe. Farasi wake naye alitazama kushoto. Ukaweka kidole pale pale tunapoweka sikuzote, kwenye bega linalotutazama. Sawa kabisa. Pointi mbili. Ndizo zilizokupa ushindi, na ushindi ndio uliokupa nafasi hii ya kwenda Nanyuki kujifunza kazi ya farasi kwa mwaka mzima.

Kando ya meza ya vifaa alikaa mwanamume mmoja mwenye shati la khaki, mkono juu ya kiti cha farasi cha ngozi kama mtu anayemlinda mtoto asianguke. Vifaa vyote vya mashindano, ile lijamu, zile hatamu, vilikuwa vyake. Alikuwa fundi wa ngozi pale Makindu, na zamani alikuwa saisi, mtunza farasi wa mbio huko Nairobi, kwa miaka tisa. Walipomaliza kukupigia makofi alinijia, akaniamkia kwa adabu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, na picha ikigeuzwa?"

Mumbua, sikuelewa hata chembe. Nikaona ni mtu anayetafuta pa kuanzia mazungumzo. Nilikuwa mjane kwa miaka kumi, na hapa kuna mwanamume mwenye mikono ya kazi na macho ya upole ananiuliza neno la ajabu ajabu kama shairi. Nikacheka, nikamwambia, "Ikigeuzwa tutaona upande wa pili." Akatabasamu. Akadhani nimeelewa. Na mimi nikadhani ananichumbia.

Basi ndivyo nilivyompata Kimanzi wangu. Najua unafumba macho nikisema "wangu". Fumba tu. Nikipata barua yake nilikuwa nasoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nilikuwa nasahau kuinuka. Kwa miezi minne nililiandika swali lake mwishoni mwa kila barua yangu, na picha ikigeuzwa, kama neno letu la siri, na yeye maskini kila mara akijiuliza kwa nini mwanamke huyu anapenda kukumbushwa upande wa kulia wa farasi. Alinioa mbele yako, ukatushikia maua, na tangu siku hiyo naamka asubuhi na kulala kidogo tena ili niamke mara ya pili nimkute bado yupo. Ananipikia chai. Alinitengenezea viatu kwa kupima mguu wangu kwa kiganja chake. Sikujua kwamba katika umri wangu mtu anaweza kufurahi namna hii, na sikujua kwamba furaha inaweza kumfanya mtu kuwa mwoga kiasi hiki.

Unakumbuka tuliporudi kutoka Nairobi, siku ya sita baada ya harusi, nilikuwa nikichechemea. Nilikuambia nilijikwaa nikishuka kwenye basi. Haikuwa kweli.

Kimanzi alinipeleka kwenye zizi alilofanyia kazi zamani, anionyeshe jike mzee aliyemlea, anaitwa Zawadi. Alisema hakuna mtu mwingine wa ukoo wake ambaye angependa nimfahamu kama huyo. Fikiria hilo, mwanangu, nilivyolisikia. Nilivaa gauni la bluu. Yeye alisimama langoni kumsalimu mlinzi aliyewahi kufanya naye kazi, nami nikatangulia, kwa sababu nilitaka ageuke anikute nimesimama na farasi kana kwamba tumezoeana. Mimi ni mlezi wa klabu iliyoshinda. Najua meno, najua mifupa, najua chura. Nilimwona Zawadi, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa kwenye kadibodi lolote, akiwa na harufu, akipumua, na upande mmoja wake ulikuwa karibu nami. Nikaenda moja kwa moja upande huo.

Ulikuwa wa kulia. Na nilienda kimya. Na nilikuwa sitazami masikio yake, ingawa nilishawafundisha watoto ishirini kwamba farasi akilaza masikio nyuma amekasirika. Nilikuwa nageuza shingo kuona kama Kimanzi ananitazama.

Sijui ilikuwaje. Ukuta ulinijia mgongoni. Yule mnyama alikuwa amezunguka kwa mwili wake wote, nami nilikuwa kati yake na mawe, na kwato yake ilikuwa juu ya mguu wangu, haina haraka ya kuondoka. Pumzi ilitoka, nyingine haikuja. Nilisikia sauti ya Kimanzi, si kubwa, ikimwambia farasi maneno kama ya kumbembeleza mtoto, na uzito ukaondoka. Alinibeba mpaka nje akaniweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ndanu," akasema, "kwa nini umemwendea upande ule?"

"Ni upande wa karibu," nikasema.

Akainamisha kichwa. Kisha akauliza, "Karibu na nani?"

Nilisahau mguu. Nilikuona wewe mlangoni na ungo wa kunde. Maneno yale yale, na kichwa kimeinama vile vile. Wewe uliuliza ukiwa hujawahi kuona farasi, naye ameuliza baada ya kuishi nao miaka tisa, na mimi kati yenu ndiye niliyekuwa na daftari.

Hapo ndipo aliponieleza. Hilo neno la Kiingereza halisemi karibu kwa maana yetu. Ni jina tu la upande wa kushoto wa farasi mwenyewe, popote wewe uliposimama, na picha zetu zote zilituonyesha upande huo tu. Alisema, "Si kwamba kulia ni dhambi. Lakini huyu amezoeshwa kushoto tangu mdogo, kama wewe ulivyozoeshwa kula kwa mkono wa kulia. Umemtokea pale asipomtegemea mtu, tena bila kusema neno." Kisha akashika kichwa. "Mimi nilikuuliza Makindu. Nilikuuliza kama picha ikigeuzwa. Ukaniambia tutaona upande wa pili. Nikasema huyu mwalimu anajua."

Tulicheka, Mumbua. Sitakudanganya, tulicheka pale kwenye ndoo mpaka machozi yakatoka, kwa sababu tulikuwa na siku tatu za ndoa na mapenzi yetu yote yalisimama juu ya kutosikilizana. Kisha nikavua kiatu, kucha mbili hazikuwepo, na kicheko kikaisha. Nikakufikiria wewe. Barua ya Nanyuki ilikuwa imeshakuja.

Usiku ule Kimanzi alinionyesha ubavu wake. Kuna mahali, chini ya mkono wa kushoto, pameingia ndani, unaweza kuweka yai. Nilikuwa nimedhani alizaliwa hivyo. Ni kazi ya farasi wa miaka miwili, asubuhi moja, na Kimanzi alikuwa saisi mzoefu wa mwaka wa sita. Alisema hakufanya kosa lolote kubwa. Aliinuka tu na ndoo mahali ambapo yule farasi hakumtegemea. Tangu hapo kila nikilala naweka mkono juu ya shimo lile, na kila nikiuweka naliona kwenye mbavu zako.

Sasa utauliza kwa nini nilikaa wiki tatu. Nimejiuliza hayo nikifua, nikipika, nikisahihisha madaftari ya watoto. Nimepata majibu matatu na yote hayanipendezi. Nilidhani ukijua utaona ushindi wako si halali, ukatae kwenda. Hilo ndilo jibu zuri, ndilo ningelisema kanisani. La pili ni kwamba niliona haya. Umeniona mwalimu tangu uzaliwe. La tatu ndilo la kweli zaidi. Nilikuwa na furaha na sikutaka kuigusa. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, kisha Kimanzi akaimba akichota maji ya kunawa, nami nikasema kesho. Nimeinunua furaha yangu ya wiki tatu kwa usalama wako, mwanangu, nikiwa na akili timamu.

Na hii si mara ya kwanza. Sijawahi kukusimulia jambo hili. Baba yako alipokuwa akiendesha lori barabara ya Garissa, alirudi siku moja akakaa kwenye kile kigoda cha jikoni, akasema, "Mama Mumbua, kuna kitu kinanibana hapa." Akaweka mkono kifuani. Hakuwa amemaliza kusema. Mimi nilikuwa nimesoma somo la afya mpaka kidato cha nne, nikamjibu, "Ni vumbi la barabara. Kunywa maziwa." Alikunywa. Aliniamini kwa sababu nilijibu upesi na bila kusitasita. Alikunywa maziwa miezi minne kabla ya kufika hospitali, na daktari akauliza kwa nini mmechelewa. Labda angekufa hata tungewahi. Daktari alisema labda. Lakini hakuna siku nimeacha kusikia ile sauti yangu ya haraka, yenye uhakika, sauti ya mtu anayejua.

Ndiyo maana sijalala vizuri tangu Makindu, ingawa sikujua sababu. Ile kengele yako niliyoishangilia, ulijifunza kwangu. Mimi ndiye nimegonga kengele maisha yangu yote kabla swali halijaisha. Kwa baba yako niliigonga. Kwako mlangoni niliigonga. Hata kwa Kimanzi niliigonga, na kwamba ilinipa mume ni bahati tu, ingeweza kunipa aibu.

Wiki hii, ulipokuwa ukienda kuaga watu, Kimanzi amelipitia daftari la kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwomba mimi. Alisoma kwa kidole, taratibu, na mimi nikimtazama uso kama mtuhumiwa. Chura yupo kweli. Ni jina tu la ile nyama laini ya pembe tatu chini ya kwato, na lazima isafishwe, kwa hiyo hilo lilisalimika. Mikono kumi na mitano ni kipimo cha kiganja, sawa. Meno ni sawa. Upande wa kuotea ameukata kwa kalamu nyekundu, akicheka. Lakini kuna kurasa amezigeuza kimya kimya, nikamuuliza, "Hapo je?" Akasema, "Hapo hakuna kosa. Ila hapo hakuna farasi." Nimelifikiria neno hilo. Sijui ni mahali pangapi pengine ambapo hata yeye hakuona. Ndiyo hofu yangu. Hili moja limenivunja kucha mbili nikalijua. Mengine yamelala tu humo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kwa hiyo sikuombi ukumbuke niliyokufundisha. Nakuomba ukifika usiyaamini mpaka umwone mtu mwenye farasi akiyafanya. Watakuuliza mambo, na utayajua majina yote, na watashangaa, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi kuliko pote. Watadhani unajua. Watakuacha uingie peke yako, kama Kimanzi alivyoniacha niingie. Msichana aliyeshinda mashindano, nani atamwambia asimame kwanza? Waambie mwenyewe. Waambie kwamba farasi uliyemjua alikuwa wa kadibodi na alitundikwa kwa misumari. Watakucheka siku moja, na Kimanzi anasema masaisi hucheka sana, lakini baada ya kucheka watakushika mkono wakupitishe.

Na usisite kuwa na furaha. Hili nalo niliandike, kwa sababu nimekutisha kurasa nyingi na sitaki uende umekunja uso. Yule Zawadi, baada ya yote, Kimanzi alinirudisha kwake nikichechemea. Tulimwendea tukianzia mbali, akasema nizungumze. Nikasema, "Hodi, mama." Sikujua neno jingine. Zawadi akageuza sikio moja. Kimanzi akanisimamisha kwenye bega lake la kushoto, akaweka kiganja changu pale shingoni, chini ya manyoya, mahali ambapo kadibodi letu limepauka. Ni joto, Mumbua. Katika kitabu kizima hakuna mahali pameandikwa kwamba ni joto vile. Nililia, na mume wangu alidhani ni mguu.

Sasa nimekuona. Umetokeza pale kwenye mkonge, punda mbele na madumu manne, wewe nyuma yake umeweka mkono mgongoni mwake bila kufikiri, kama ulivyofanya tangu utotoni. Punda wetu hajali upande. Hajawahi kukufundisha kuogopa, na jambo hilo nalo linanitia baridi.

Nilikuwa nimepanga nikuwekee barua hii ndani ya sweta uisome ukiwa ndani ya gari, mbali na uso wangu. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Ni uoga wa wiki tatu umevaa nguo nyingine. Barua itakaa kwenye sweta hata hivyo, kwa sababu kuna mambo humu sitaweza kuyatamka, hasa ya baba yako. Lakini la upande siliachii karatasi tena. Karatasi ndiyo iliyotuponza.

Nitatoka sasa. Nimeshavua kiatu, ili nisiweze kukuambia tena kwamba nilijikwaa. Nitamshika punda kabla hujateremsha maji, nitasimama upande wake wa kulia mbele yako na mbele ya Kimanzi, na nitakuuliza huu ni upande gani. Utajibu upesi, nakujua. Safari hii nitangoja mpaka uniulize lile swali lako tena, na nitasema jibu lake sikulijua.

Mama yako,
Ndanu